Mita 60 za ukingo wa Simiyu zinamsaidia nyumbu nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 27, nalima mpunga na dengu wilaya ya Magu, karibu na pale mto Simiyu unapoingia ziwani. Kwenye mkutano wa kijiji tuliambiwa tuache mita 60 kando ya mto na ziwa, na mafunjo yasing'olewe wala kuchomwa. Tulipouliza sababu tukajibiwa ni kwa ajili ya ikolojia ya Serengeti. Mimi Serengeti sijawahi hata kuingia. Wazee wanasema huu ni mwanzo wa kuhamishwa kama wenzetu wa Nyatwali. Naomba kujua, mita 60 zangu zinamsaidia nyumbu nini? Na mimi nabaki na nini?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na lile linalowanyima wazee usingizi. Mita 60 si hatua ya kwanza ya kuhamishwa. Zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, na zinahusu nchi nzima. Anayejenga Capri Point, kando ya ziwa jijini Mwanza, zinamhusu, na anayelima bustani kando ya mto Ruvu zinamhusu. Ardhi inabaki ya kijiji. Suala la Nyatwali kule Bunda ni jingine: pale serikali iliamua wananchi wahame kwa fidia ili hifadhi ya Serengeti ifike kwenye maji ya Ghuba ya Speke. Ardhi ya kijiji haigeuki hifadhi kwa kauli ya ofisa mkutanoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali, wananchi wasikilizwe, na fidia ijulikane. Kwa hiyo akija mtu kupima, muulizeni kwa heshima anapima kwa sheria ipi. Jibu lake litawaonyesha mko kwenye jambo gani.

Sasa nyumbu. Aliyewajibu mkutanoni alisema kweli, ila kweli yenyewe aliianzia mkiani, na mimi namlaumu kwa hilo. Ukimwambia mkulima aache ardhi yake kwa ajili ya mnyama asiyemwona, umemwonyesha kwamba yeye ni mtoaji na wengine ndio wapokeaji. Ngoja nikupitishe njia niliyoipita mwenyewe katika miaka mingi ya kazi hii.

Simiyu hauanzii Magu. Ncha yake ya mashariki iko Serengeti na Pori la Akiba Maswa. Unashuka nchi ya Wanyantuzu, unapokea Duma, unapita mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe wengi sana, ndipo unafika kwako. Grumeti na Mbalageti nayo inatoka Serengeti na kumwaga maji kwenye ghuba hiyohiyo ya Speke unayoivua wewe. Kwa hiyo ukitazama ramani ya mipaka uko mbali na hifadhi, lakini ukitazama ramani ya mito uko kwenye mdomo wake. Tunaposema uhifadhi wa mandhari nzima, hilo ndilo tunalolizungumza: kuacha kuhesabu hifadhi peke yake, tukahesabu hifadhi, mto, malisho, mashamba, mafunjo na ziwa kama kitu kimoja, kwa sababu kikiguswa kimoja kingine kinaitika.

Na kinaitika pande zote mbili. Watu wengi wa huku hawajui kwamba ziwa letu lina mkono katika safari ya nyumbu. Serengeti haipati mvua sawa kila mahali. Kusini-mashariki, kwenye nyanda za majani mafupi ambako nyumbu huzalia, mvua ni kama milimita 500 kwa mwaka. Kaskazini-magharibi hupita 1,000. Sababu mojawapo kubwa ni Ziwa Victoria: maji mapana ya kilomita za mraba 68,800 hupandisha unyevu, mawingu hujikusanya, na upande ulio karibu na ziwa hupata mvua hata miezi ambayo nyanda zimekauka. Nyumbu wakimaliza majani ya kusini hufuata huko kwenye majani na maji. Sisemi mafunjo yako ndiyo yanayoleta mvua hiyo; ziwa la ukubwa huo halitegemei ukingo wa shamba moja. Nakueleza ili uone kwamba hawa wanyama na ziwa lako hawajawahi kuishi mbalimbali.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ng'ombe. Waulize wazee wa kwenu kama babu zao waliwahi kuwasimulia sotoka. Ugonjwa huo ulifagia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ukaua ng'ombe kwa kiasi ambacho koo nzima zilibaki na fimbo mkononi bila mfugo wa kuchunga, ukaua na nyumbu na nyati. Kwa miongo mingi baada ya hapo nyumbu wa Serengeti walibaki wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja na laki mbili. Kilichotokea katikati ni nini? Hakuna aliyewachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe, kwenye maboma ya wafugaji waliozunguka hifadhi. Ugonjwa ulipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yake, ulitoweka na kwa nyumbu pia. Wakaongezeka, wakala majani ambayo zamani yalibaki kuwa kuni za moto wa kiangazi, moto ukapungua, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua katika sehemu kubwa ya Serengeti. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa.

Tafakari hapo. Jambo kubwa kuliko yote lililowahi kufanywa kwa ajili ya nyumbu wa Serengeti lilifanywa nje ya Serengeti, kwenye mazizi, na mfugaji alifanya kwa faida yake mwenyewe. Hakuombwa kumpenda nyumbu. Aliombwa alete ng'ombe wake wachanjwe.

Na ubaya nao hupita njia hiyohiyo. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka wakitetemeka. Karibu theluthi moja walikufa. Ulikuwa ugonjwa wa mbwa, distempa, na ulihusishwa na mbwa wa vijijini walioizunguka hifadhi, waliokuwa wengi na bila chanjo. Baada ya hapo kampeni za kuchanja mbwa vijijini zilipewa nguvu, na zikasaidia pia dhidi ya kichaa cha mbwa ambacho huua watoto wetu. Mbwa anayelinda mbuzi wa bibi yako naye yumo kwenye hesabu hii.

Sasa turudi kwenye mafunjo yako, maana hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Unajua mwenyewe rangi ya Simiyu wakati wa mvua kubwa. Yale maji mazito ni udongo wa juu wa mashamba ya watu, pamoja na mbolea na dawa za pamba. Yakifika kwenye mafunjo mapana yanapunguza mwendo, udongo unatua, na mizizi inachukua sehemu ya rutuba. Yakifika mahali mafunjo yamechomwa, yanaingia ghubani yalivyo. Rutuba iliyozidi ziwani si baraka, inalisha mwani na magugu maji. Watu wa mialo wanaikumbuka miaka ya 1990, mitumbwi iliposhindwa kutoka kwa sababu ya magugu maji.

Halafu samaki. Ndani ya mafunjo, hewa majini ni kidogo sana. Sangara hawezi kukaa humo, anahitaji maji yenye hewa nyingi. Kamongo anaweza kwa sababu anapumua hewa ya juu kama wewe na mimi. Kambare naye anajimudu. Lakini ninaowajali zaidi ni furu, wale samaki wadogo wa asili. Ziwa hili lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, karibu zote zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, na aina nyingi sana za furu hazikuonekana tena. Ghuba ya Mwanza ndiyo iliyofuatiliwa kwa karibu, na watafiti waliokuwa wakiivua tangu miaka ya 1970 walishuhudia nyavu zilizojaa furu zikigeuka nyavu za sangara katika miaka michache. Waliosalimika, baadhi walisalimika kwenye miamba na kwenye kingo za mafunjo, mahali ambapo sangara alishindwa kuwafuata. Ngege, yule wa asili ambaye wazee wenu wanamtaja kwa hamu, naye alipungua mno, na sehemu kama hizo ni miongoni mwa makimbilio yake. Ukingo wako ni mazalia na ni mahali pa kujificha. Ukichomwa, samaki wadogo wanatoka uwanjani.

Na jambo hili halikuishia majini. Furu walianikwa juani tu, wakakauka. Sangara ana mafuta mengi, haanikiki hivyo. Hukaangwa au hubanikwa kwa moshi, na moto unataka kuni. Visiwa na kingo zetu zilipoteza miti kwa sababu ya samaki mgeni. Nani angelifikiria hilo siku alipomwagwa majini?

Sasa mfuate samaki huyo mpaka jikoni. Kwenye vijiji vya magharibi mwa Serengeti, upande wa Bunda, Serengeti, Bariadi na Busega, watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi kile ambacho familia zinakula. Wameona kwamba samaki na nyamapori hushindania sufuria moja. Nyumba zilizo karibu na ziwa hula samaki zaidi na nyamapori kidogo. Samaki akiadimika na bei ya dagaa ikipanda, kitoweo kinatafutwa porini, na mitego ya waya haichagui. Makadirio ya nyumbu wanaouawa kinyume cha sheria katika ikolojia ya Serengeti yamefikia karibu 100,000 kwa mwaka. Wengi wa wanaokula nyama hiyo si matajiri wala majangili wa pembe. Ni akina mama wanaotafuta kitoweo cha bei wanayoimudu.

Hivyo ndivyo mita 60 zako zinavyomsaidia nyumbu. Zinapitia kwenye mazalia ya samaki, zinapitia mwaloni, zinapitia kwenye sado ya dagaa sokoni Lamadi, zinafika kwenye sufuria ya mama ambaye mumewe hatakwenda kutega. Ni njia ndefu na wewe ni mmoja kati ya maelfu, lakini ni njia ya kweli. Kabla hazijamfikia nyumbu zimeshakufikia wewe: samaki wako, kingo zisizomomonyoka kuelekea kwenye majaruba yako, maji ambayo watoto wanachota.

Lazima niseme pia upande unaouma, maana nisipousema sitakuwa mkweli kwako. Haya mambo yana gharama, na mara nyingi gharama inaangukia kwa aliye karibu. Tembo wa Serengeti walibaki mia chache tu katika miaka ya 1980 kwa ujangili. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu zaidi ya 7,500 katika Serengeti na Mara kwa pamoja. Mimi nafurahi. Lakini mkulima wa Bunda au Busega anayeamka alfajiri akakuta mahindi yamelala yote hana sababu ya kufurahi nami. Kile kinachoitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa, hakilingani na hasara na aghalabu huchelewa. Hata jina lenyewe linakiri kwamba si fidia. Kwa maoni yangu, hakuna mpango wa mandhari nzima utakaodumu mpaka gharama hiyo igawanywe kwa haki, na wanaonufaika na utalii walioko mbali wabebe fungu lao.

Kuhusu haki kuna jambo jingine ambalo ningependa mlibebe mkutanoni. Udongo unaojaza mdomo wa Simiyu si wa Magu peke yake. Mwingi umetoka juu. Ninyi mkiacha mita 60 na wenzenu wa juu wakalima mpaka kwenye maji, mtakuwa mnafagia uwanja ambao jirani anamwaga taka kila asubuhi. Kenya na Tanzania zinalijua tatizo hili kwenye mto Mara, ambao chanzo chake kiko msitu wa Mau, unapita Maasai Mara na Serengeti, na kuingia ziwani baada ya mabwawa ya mafunjo ya Masurura karibu na Musoma. Huo ndio mto mkubwa pekee wa Serengeti usiokauka kiangazi. Kila mti unaoanguka Mau unahesabika huku chini. (Mto huohuo hubeba pia nyumbu zaidi ya 6,000 kwa wastani wanaozama kila mwaka wakivuka, mizoga yao hulisha samaki, mamba na ndege, na mabaki hushuka na maji.) Ikiwa nchi mbili zinalazimika kukaa meza moja kwa ajili ya mto mmoja, basi Magu, Maswa, Bariadi na Meatu hazina kisingizio. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko Mwanza, na sheria inaruhusu Jumuiya za Watumia Maji. Ulizeni kama jumuiya ya Simiyu inawaunganisha watu wa juu na wa chini, na kama haipo, ombeni ianzishwe.

Wasiwaambie kwamba jambo hili ni geni kwa Wasukuma. Wazee wako wanajua ngitiri: eneo linalofungwa mvua zikianza, ng'ombe wasiingie, majani yakue, lifunguliwe kiangazi kikikaza. Ufyekaji wa misitu kupambana na mbung'o, kisha kupanuka kwa pamba, viliacha nchi ya Shinyanga ikiwa karibu jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kwanza ulikuja na vitalu vya miche. Uliposhika kasi kweli ni pale ulipoikubali ngitiri, ukaachia mikutano ya kijadi ya dagashida na sungusungu isimamie sheria zake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, sehemu kubwa bila kupanda mti hata mmoja. Visiki vilichipua vyenyewe vilipoachwa vipumue. Watu walipata kuni, dawa, asali, uyoga, malisho ya kiangazi. Ndege na wanyama wadogo wakarudi bila kuitwa. Mimi nikiziangalia mita 60 zenu naona ngitiri ya ukingoni, na ningetamani sana zipewe jina hilo na kanuni hizo badala ya bango la kukataza.

Sheria yenyewe inakupa nafasi. Inachokataza ndani ya mita 60 ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu ukingo. Haisemi usikanyage. Kwa hiyo kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao lazima upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, pendekezeni yale yanayowezekana: mizinga ya nyuki, kukata majani ya kulishia mifugo badala ya kuingiza ng'ombe, kuvuna mafunjo kwa zamu kwa ajili ya mikeka bila kung'oa mizizi, njia moja au mbili za kunyweshea mifugo zilizowekewa mawe ili kundi lisibomoe ukingo wote. Kokoro, ule wavu wa kukokota, lipigwe marufuku kwenye mazalia hayo, na BMU ya mwalo wenu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, iwe mezani tangu mwanzo, kwa sababu mlinzi wa upande wa nchi kavu bila mlinzi wa upande wa maji ni nusu ya ulinzi. Na kama kuna kaya ambayo shamba lake lote limo ndani ya mita 60, hilo lisemwe waziwazi na kijiji kiitafutie eneo jingine kabla ya mstari kuchorwa. Nimeona mipango mizuri ikiuawa na kaya tatu zilizosahauliwa. Usiku zilikwenda kulima palepale, na mwaka uliofuata wengine wakazifuata.

Wewe una miaka 27 na unaweza kutembea. Kabla ya mkutano unaofuata, chukua kamba ya mita 60 na mzee mmoja anayekumbuka ukingo ulivyokuwa, mpite kuanzia shamba lako hadi mdomoni. Wekeni alama mahali mafunjo bado yamesimama, mahali yalipochomwa, mahali ng'ombe wanaposhukia, na mahali wavuvi wanapokuta furu wadogo na vifaranga vya kambare. Andikeni majina ya wenye mashamba mtakayoyapita. Daftari hilo mpeni mwenyekiti wa kijiji siku mbili kabla, alisome kwanza. Na mkiombwa mseme mstari uanzie wapi, anzeni kwenye kipande ambacho mafunjo hayajaguswa.